Mafuta Yakimwagika Mwaloni: Yatoe Majini, Usiyafiche

Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kutoka Kibirizi hadi Ujiji, na kusini zaidi mpaka Kalya, mafuta hupakiwa na kushushwa kwa mikono kila siku: madumu ya petroli ya injini za kupachika, mapipa ya dizeli ya maboti ya mbao, galoni za oili. Dumu likipasuka au boti ikilala ubavu, wengi hukimbilia sabuni ya unga na kuimwaga juu ya utando mpaka upotee. Wengine hutupia mchanga ili mafuta yazame. Wengine husubiri yafike ufukweni, kisha huyafukia. Njia zote tatu huyaondoa mafuta machoni pa watu, lakini ziwani yanabaki.

Njia hizo si ngeni. Zilijaribiwa kwa kiwango kikubwa kwenye bahari za baridi, na matokeo yake yakapimwa kwa miongo. Ndiyo maana mwongozo huu wa mwaloni Kigoma, yaani pale maboti yanapotia nanga na kushusha mizigo, unaanzia huko mbali kabla ya kufika kwenye ndoo na turubai.

Bahari za baridi zimetufundisha nini

Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na takribani tani 119,000 za mafuta ghafi. Walioshughulika nayo walimwaga karibu tani 10,000 za sabuni za viwandani baharini na kwenye miamba ya pwani. Konokono wa miambani, ambao kazi yao ni kula mwani, walikufa kwa wingi mno, na sabuni iliua zaidi ya mafuta yenyewe. Pale ambapo mafuta yaliachwa bila sabuni, pwani ilirudi katika hali yake ndani ya miaka 2 au 3. Palipomwagwa sabuni nyingi, ilichukua miaka 10 hadi 15.

Kemikali za kusambaza mafuta zinazotumika sasa zina sumu ndogo kuliko zile, ila ukoo ni uleule: viini vya sabuni ndani ya kiyeyushi, kwa kawaida sehemu 1 ya kemikali kwa sehemu 20 za mafuta. Zinavunja utando kuwa matone madogo mno, na yale yaliyo chini ya takribani mikromita 70 hayapandi tena juu. Yanabaki yameelea ndani ya maji. Kwenye maji ya baridi kazi hiyo huwa ngumu. Mafuta hunenepa na kemikali haipenyi; aliyewahi kuona mawese yalivyoganda asubuhi ya baridi kule Kasulu ataelewa mara moja. Barafu nayo hutuliza mawimbi, na bila mawimbi hakuna cha kuchanganya. Kisha kuna viumbe wenyewe: wadudu wadogo wa majini wa kule hujaza miili yao mafuta ya kuvukia majira ya baridi, na sumu ya mafuta ghafi hupenda kukaa kwenye mafuta hayo ya mwilini. Mayai ya samaki hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo hata sumu kidogo hupata muda mrefu wa kuyadhuru.

Somo kubwa zaidi lilitoka Alaska. Meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takribani lita milioni 40 za mafuta ghafi. Fukwe nyingi zilioshwa kwa maji ya moto yenye mgandamizo mkubwa. Mawe yaling'aa, lakini viumbe waliokuwa wamenusurika mafuta waliuawa na maji hayo. Mafuta yaliyozama chini ya kokoto yalikutwa bado ni mabichi zaidi ya miaka 10 baadaye, kwa sababu chini kule hewa haifiki na bakteria wanaokula mafuta huhitaji oksijeni. Uchunguzi wa mayai ya samaki uliofuata ulionyesha kwamba kemikali ziitwazo haidrokaboni za pete, zilizomo kwenye mafuta ghafi, hata zikiwa mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji, huharibu moyo wa samaki unapoanza kuumbika. Baadhi ya vifaranga huanguliwa wakiwa hai, ila moyo ni dhaifu na hawaogelei vizuri, kwa hiyo huliwa mapema.

Tanganyika si bahari ya baridi, na hilo lisitutulize

Maji ya juu ya ziwa letu yako kati ya nyuzi 24 na 28 karibu mwaka mzima. Joto hilo linasaidia: dizeli hupeperuka hewani haraka, na bakteria hufanya kazi upesi. Lakini yapo mambo manne yanayotubana.

Kwanza, ziwa lina kina cha mita 1,470, na oksijeni inaishia kati ya mita 100 na 200 kutoka juu. Chochote kinachozamishwa na mchanga kikateremka kule kimewekwa ghalani, kama yale mafuta ya chini ya kokoto za Alaska. Pili, maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo: katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushika takribani miligramu 8 kwa lita, ilhali ya nyuzi 0 hushika zaidi ya 14. Mafuta yaliyosambazwa kwenye ghuba iliyotulia huwapa bakteria karamu, na karamu hiyo hulipwa kwa oksijeni ya samaki. Tatu, jua. Kifaranga wa samaki ana mwili unaopitisha mwanga, na haidrokaboni za pete zilizomo mwilini mwake zikipigwa na jua kali huwa na sumu zaidi kuliko gizani. Nne, ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutoa maji, Lukuga, na maji hukaa humo kwa mamia ya miaka. Bahari ina pa kupeleka uchafu wake, sisi hatuna.

Tena kemikali za kusambaza mafuta baharini zimetengenezwa kwa maji ya chumvi. Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, nyingi hupoteza nguvu, na utakuwa umeongeza sumu bila kupata hata ule usambazaji uliokuwa unautaka. Sabuni ya kufulia ni mbaya zaidi. Haikuundwa kwa mafuta ya petroli, na hula utelezi unaolinda matamvua ya samaki. Dagaa wachanga hukaa karibu na ufuko, na samaki wengi wa mawe hutagia kingoni au hulea mayai mdomoni palepale. Sabuni inayasukuma mafuta chini hadi walipo.

Baharini kuna nyakati wataalamu huchagua kemikali kama shari iliyo ndogo, kwa mfano mbali na pwani, juu ya kina kirefu, panapokuwa na maelfu ya ndege juu ya maji, kwa sababu ndege wa baridi akilowa mafuta manyoya hayamkingi tena na hufa kwa baridi. Kwenye ghuba ya Kigoma, mita 200 kutoka mahali watu wanapochota maji ya kunywa, mizani hiyo haipo. Msitumie kabisa.

Dakika kumi za mwanzo

Jueni kwanza ni mafuta gani, kwa sababu jibu la petroli ni kinyume cha jibu la dizeli.

Petroli haizuiwi wala haikusanywi. Ukiizungushia uzio unakusanya mvuke wa kulipuka. Ondoeni watu walio upande ambao upepo unaelekea, wasogee angalau mita 100, zimeni karabai, majiko na sigara, na msiwashe injini yoyote hapo karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hujaa kwenye ngama, chini ya sakafu ya boti, ukabaki humo hata baada ya harufu ya nje kwisha. Fungua mbao za sakafu, acha upepo upite, kisha kausha kwa matambara na ndoo ya plastiki, si ya chuma. Petroli iliyoko juu ya maji itapeperuka yenyewe ndani ya saa chache.

Dizeli na oili ndizo za kukusanya. Ziba chanzo kabla ya kugusa maji: simamisha dumu wima tundu likiwa juu, funga vali, sokota kipande cha mpira wa baiskeli kwenye bomba lililopasuka. Lita inayobaki kwenye dumu inaokoa kazi ya saa nzima majini.

Wakati huohuo mtu mmoja apige simu: mtendaji wa mtaa au kijiji, BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), afisa uvuvi, na mamlaka ya maji kama kuna chanzo karibu, ili pampu izimwe kabla mafuta hayajafika kwenye bomba la kuvuta maji. Kama ni meli au ni zaidi ya mapipa machache, taarifa iende pia TASAC (wasimamizi wa usafiri wa meli), NEMC (chombo cha taifa cha mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Waelezeni saa, mahali, aina ya mafuta, kiasi, na upepo unaelekea wapi. Na watu waambiwe wazi: maji yenye mafuta hayasafishwi kwa kuchemsha wala kwa dawa ya klorini. Wachote kwingine.

Kukadiria kiasi kwa macho

Rangi ya utando inaeleza unene wake. Chukua eneo la mita 50 kwa 20, yaani mita 1,000 za mraba. Utando wa rangi ya fedha juu ya eneo hilo lote ni chini ya theluthi moja ya lita. Wenye rangi za upinde wa mvua ni kati ya theluthi ya lita na lita 5. Unaong'aa kama bati ni lita 5 hadi 50. Ukiona rangi halisi ya mafuta yenyewe, nyekundu, kahawia au nyeusi, mmezidi hapo.

Hesabu hii huzuia hofu na huzuia uzembe. Utando wa fedha wa dizeli hauokoteki. Ziba chanzo, zuia uchotaji, uache upeperuke. Nguvu za watu zipelekwe pale panapong'aa kama bati na kuendelea.

Uzio unaoelea

Uzio huu utengenezwe mapema na ukae kwenye banda la BMU. Kwa mita 20 mnahitaji turubai la upana wa sentimita 70, chupa tupu 60 za maji za lita 1.5 zilizofungwa vizuri, mnyororo mkuukuu wa kilo 20, na kamba ya nailoni ya mita 30.

Panga chupa kwa urefu, tatu kila mita, kwenye ukingo mmoja wa turubai. Kunja sentimita 35 za juu kuzizunguka na ushone kwa uzi wa kushonea nyavu. Katikati ya kila chupa mbili shona mstari wa kusimama, la sivyo zitateleza zote upande mmoja na uzio utazama pale palipobaki patupu. Ukingo wa chini ukunje sentimita 5 na upitishe mnyororo. Panabaki pazia la sentimita 30 chini ya maji. Kamba ipite juu, sambamba na chupa, na ndiyo ivutwe. Ukivuta turubai lenyewe litachanika. Mkikosa mnyororo, jazeni kokoto kwenye pindo, lakini ziwe kilo 2 kwa mita kwa sababu jiwe hupungua uzito majini.

Kosa linaloharibu kazi mara nyingi ni kuutega uzio ukikingama mkondo wa kasi. Maji yakipita takribani sentimita 35 kwa sekunde, mafuta huvutwa chini ya pazia na kuibukia upande wa pili. Pima: tupa kijiti, na kama kinakwenda mita 10 kwa chini ya nusu dakika, usitege kwa kukingama. Utege mshazari, ncha moja mbele na nyingine nyuma ikigusa ufuko, ili mafuta yateleze kando ya uzio mpaka kwenye kona tulivu. Kona hiyo ndiyo mtakayochotea. Angalieni pia kugeuka kwa upepo: mchana kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Mafuta yaliyobanwa ufukweni saa tisa alasiri yanaweza kuondoka saa nne usiku kama ncha ya nje haijafungwa nanga.

Mafuta yakielekea kwenye matete, kama yale ya delta ya Luiche, uzio wote uende huko hata kama ufuko wa mchanga utaachwa wazi. Mchanga unakwanguliwa. Matete yakishalowa hayasafishiki kirahisi, na kuyakanyaga hukandamiza mafuta ndani ya matope yasiyo na hewa.

Kuchota na kunyonya

Kama mafuta ni manene, chota kwanza. Zamisha ndoo taratibu mpaka mdomo uwe chini kidogo tu ya uso wa maji, mafuta yaingie yenyewe. Ukichota kwa pupa unapata ndoo ya maji. Mimina kwenye pipa la lita 200 lenye koki chini, liache litulie angalau saa moja, kisha fungulia maji ya chini yarudi ndani ya uzio. Funga koki mara rangi inapobadilika.

Kinachobaki kinyonywe. Sufi ya mito na magodoro ndiyo bora kuliko vyote: nyuzi zake hukataa maji, hupenda mafuta, na huelea. Pamba mbichi kutoka shambani, kama ile ya Igunga, nayo ni nzuri kwa sababu ina nta yake ya asili. Pamba nyeupe ya dukani imeondolewa nta na itakunywa maji tu. Nyasi kavu zinafaa na zinapatikana popote. Maranda ya mbao yanafaa kwa muda mfupi, kwani hulowa na kuzama. Makapi mabichi ya mawese tayari yana mafuta yake, na majivu, udongo na mchanga huzamisha, kwa hiyo vyote hivyo viachwe.

Vifaa vya asili vya namna hii hubeba mara 3 hadi 15 ya uzito wake. Kwa nyasi hesabuni mara 5, si zaidi. Lita 50 za dizeli ni takribani kilo 42, kwa hiyo mnahitaji kilo 9 za nyasi kavu. Wekeni 20, maana nyingine zitalowa maji kabla ya kukutana na mafuta. Msizitupe ovyo. Zijazeni kwenye vipande vya nyavu kuukuu za dagaa, virefu kama mito, pamoja na chupa tupu mbili ndani ya kila mto ili usizame ukishashiba. Nyasi zilizotupwa bila wavu zitasambaa ufuko mzima zikiwa na mafuta, na kazi itakuwa mara mbili. Mto wa sufi ukishiba ukamuliwe kwenye pipa na urudishwe majini.

Wanaofanya kazi wavae glavu za mpira mzito na buti, wakae upande upepo unakotoka, na wapumzike kila nusu saa. Anayeumwa kichwa au kizunguzungu aondoke mara moja. Mikono isioshwe kwa petroli. Paka mawese au mafuta ya alizeti, sugua, futa kwa kitambaa, kisha ndipo sabuni, na yote hayo nchi kavu, mbali na maji. Nyavu zilizoguswa na mafuta zifuliwe hukohuko, na maji yake yasirudi ziwani.

Ufukweni

Kwangua kwa koleo bapa sentimita 1 hadi 3 tu za juu, pale palipolowa. Mashine na majembe huchimba kina na kuzika mafuta. Mawe yafutwe kwa magunia makavu. Msitumie maji ya moto wala sabuni. Matete yasikatwe. Kutokea kwenye mtumbwi, sukumeni mafuta yatoke kwa maji ya ziwa yanayotiririka taratibu, mkiyaelekeza kwenye mito ya kunyonyea iliyotegwa nje. Dagaa wasianikwe kwenye mchanga huo hata kama umeonekana kukauka.

Taka ziwekwe juu ya turubai, zifunikwe mvua isizioshe, na zikae zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaulinda. Oili chafu ibaki kwenye mapipa hadi ichukuliwe na mwenye kibali. Mchanga wenye dizeli kidogo, kwa ruhusa ya afisa mazingira, unaweza kutandazwa mahali tambarare juu ya turubai, unene wa sentimita 10 hadi 15, uchanganywe na samadi, uwe na unyevu na ugeuzwe kila wiki. Kwa joto la Kigoma, hewa na bakteria vitafanya kwa miezi kile ambacho Alaska haikukipata kwa miaka.

Kabla ya kufungua mwalo, chota mchanga kutoka sehemu kumi tofauti, wa juu na wa kina cha kiganja. Weka kila fungu kwenye chupa safi yenye maji nusu, tikisa, acha itulie dakika tano, kisha iangalie juani kwa pembeni. Upinde wa mvua ukionekana juu ya maji, pale mchanga huo ulipochotwa panakwanguliwa tena. Rudieni kipimo hicho baada ya mvua kubwa ya kwanza na baada ya siku ya mawimbi makali, kwa sababu hapo ndipo mafuta yaliyofukiwa hutoka.